Nzi wa maembe dawa yake ni maji moto, si sumu zaidi

Ukinunua embe sokoni Kitale au kando ya barabara pale Kanduyi, ukalikata ukakuta vidudu vyeupe vinacheza ndani, wa kwanza kulaumiwa ni mama mboga. Utasema amekuuzia kitu kibovu. Yeye naye atamlaumu aliyemletea mzigo, wa mzigo atamlaumu mkulima, na mkulima atakimbia kwa agrovet kuuliza kama kuna dawa kali kuliko ile ya mwaka jana. Mduara unazunguka hivyo kila msimu, na anayepata faida kila mara ni muuza dawa peke yake.

Mimi nasema tumekosea dawa. Nzi wa matunda akishataga mayai ndani ya tunda, sumu haimfikii tena. Kinachomfikia ni joto na baridi. Nchi zinazonunua matunda yetu zinalijua hilo, wauzaji wetu wa nje wanalijua, na watafiti wa hapa hapa Kenya wamelipima hadi dakika na nyuzijoto. Asiyeambiwa ni wewe unayekula embe la shilingi ishirini Bungoma. Hapo ndipo nina shida.

Kinachoendelea ndani ya tunda

Tuanze na huyu nzi mwenyewe. Si yule nzi wa jikoni anayetua kwenye chai yako. Nzi jike wa matunda ana kitu kama sindano mkiani. Anatua kwenye embe, pera, pasheni au chungwa, anatoboa ganda na kuweka mayai chini yake. Tundu lenyewe ni dogo mno, hata ukiligeuzageuza tunda mkononi huwezi kuliona vizuri. Baada ya siku chache mayai yanaanguliwa, mabuu yanaanza kula nyama ya tunda, na uozo unaingia kupitia njia walizochimba. Wakishiba wanatoka, wanajiangusha chini na kuingia udongoni. Humo wanajigeuza, kisha wanaibuka wakiwa nzi wazima, tayari kuanza upya.

Sasa fikiria mtu anayepulizia dawa tunda ambalo limeshatobolewa. Dawa inakaa juu ya ganda, mayai yako chini ya ganda. Unaua nzi anayetembea nje, lakini watoto wake wako ndani wanakula kama kawaida. Mwisho wa siku tunda linaoza vilevile, na juu yake kuna sumu ambayo mtoto wako ataiosha kwa kulipangusa kwenye sweta.

Simwambii mkulima atupe pampu yake leo. Kuna wakati wa dawa shambani, na kila chupa ina siku za kusubiri kabla ya kuvuna, zimeandikwa palepale kwenye lebo. Lakini tunda likishavunwa, hiyo story ya kupuliza imekwisha. Kuanzia hapo tunahitaji kitu kinachopenya hadi kwenye kokwa.

Tulifungiwa milango, tukajifunza

Huyu nzi anayetusumbua zaidi, ambaye wanasayansi humwita Bactrocera dorsalis, si mwenyeji. Alitoka Asia, na mara ya kwanza alipogunduliwa Kenya ilikuwa 2003. Nzi wa matunda wa Kiafrika walikuwepo kabla yake, lakini huyu mgeni alipoingia aliwapiku. Katika miaka michache akawa ameenea sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara.

Hasara haikukawia. Mwaka 2007 Afrika Kusini ilizuia parachichi za Kenya kwa sababu yake, na ikapita zaidi ya miaka 10 kabla mlango huo kufunguliwa. Mwaka 2014 Kenya yenyewe iliamua kusimamisha maembe yaliyokuwa yakienda Ulaya, kwa sababu mizigo ilikuwa inakamatwa na nzi na tungefungiwa kabisa. Safari ya maembe kwenda Ulaya ilirejea 2021. Hesabu hiyo miaka saba. Mtoto aliyezaliwa embe la mwisho likipakiwa alikuwa tayari yuko shule ya msingi.

Kilichofungua milango hiyo si dawa kali zaidi. Ni usafi wa mashamba, mitego, maeneo yanayochungwa nzi wasizaane, na baada ya kuvuna, matibabu ya joto na baridi. Watafiti wa icipe, kile kituo cha wadudu cha Kasarani kilichoanzishwa na Thomas Odhiambo mwaka 1970, walifanya kazi ya kupima ni joto gani linaua mabuu bila kuharibu embe, na ni baridi gani inawaua ndani ya parachichi bila kuliharibu.

Na si sisi tu. Marekani ilikuwa ikifukiza matunda kwa kemikali iitwayo EDB hadi ilipoipiga marufuku miaka ya 1980 kwa sababu ya saratani. Waliokuwa wakipeleka maembe kule, kama Mexico, wakahamia maji moto. Kemikali nyingine ya kufukiza, methili bromidi, ilibanwa na Mkataba wa Montreal kwa kuwa inatoboa tabaka la ozoni, na kwa nchi zinazoendelea mwisho wake ulikuwa 2015, isipokuwa kwa kazi maalum kama za karantini. India nayo, tangu 2007, inapeleka maembe Marekani yakiwa yamepitishwa kwenye miale. Dunia inaacha kufukiza matunda, sisi ndio kwanza tunatafuta kitu cha kupulizia.

Maji moto yanafanyaje kazi

Kanuni ya Marekani inataka maji ya nyuzi 46.1 za Selsiasi. Maembe yanazamishwa yote, hakuna kuelea, kwa dakika 65 hadi 110 kulingana na umbo na uzito wake. Embe dogo linatoka mapema, kubwa linakaa zaidi kwa sababu joto linachukua muda kufika katikati. Mabuu wanakufa humo ndani, na embe linatoka likiwa embe.

Hiyo 46 si joto la kutisha. Ni maji ya kuoga ya mtu anayependa moto kidogo. Ndiyo maana kazi haiko kwenye kuchemsha, iko kwenye kushikilia. Joto likishuka, baadhi ya mabuu wanaweza kutoka salama. Likipanda sana, ganda linaungua na embe linakuwa na madoa. Huwezi kupima kwa kuchovya kidole. Unahitaji kipima joto, pampu ya kuzungusha maji ili pembe zote za tangi ziwe sawa, na mtu anayeandika saa ya kuingiza na saa ya kutoa.

Unahitaji pia maji safi. Mwaka 1999 watu waliugua salmonela Marekani, na wengine wawili wakafa, kutokana na maembe yaliyotoka Brazil yakiwa yamepitia maji moto. Tunda lenye joto likiingizwa kwenye maji ya baridi hunywa maji hayo. Kama ni machafu, linakunywa na uchafu. Kwa hivyo anayekuambia chukua sufuria, weka maembe, ngoja saa moja, anakudanganya. Ni njia rahisi, lakini inataka nidhamu.

Baridi nayo ina kazi yake. Kwa parachichi aina ya Hass, utafiti uliofanywa Kenya ulionyesha kuwa kuziweka kwenye nyuzi 1.5 au chini yake kwa siku 18 kunaua nzi huyu. Mwaka 2019 China ilikubali parachichi zetu kwa sharti zimenywe na kugandishwa hadi nyuzi 30 chini ya sifuri. Mwaka 2022 ikakubali mabichi pia. Kipima joto nacho hufungua soko.

Kitale iko kama mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Usiku huko unajua mwenyewe, bila sweta huendi. Parachichi zinapenda hali hiyo, na wakulima wengi wa Trans Nzoia wamepanda Hass baada ya kuchoka kupigania bei ya mahindi. Lakini baridi ya Kitale haitoshi kuua nzi. Hata kile kibanda cha kuta za makaa yaliyoloweshwa maji, ambacho hupoza mazao bila umeme, hakifiki nyuzi 1.5. Kinachofanya ni kuchelewesha: tunda linakaa siku zaidi, na mabuu wanakua polepole. Hiyo ni faida ya kweli kwa mama mboga, ila tusiiuze kama tiba.

"Lakini sisi hatuuzi Ulaya"

Najua hapo utaniuliza: hayo yote ni ya wenye kontena, mimi na maembe ya Chwele tunahusianaje? Hilo ndilo swali zuri kuliko yote, na ndilo limenifanya niandike.

Tumezoea nchi yenye matunda ya aina mbili. Kuna tunda la kwenda nje, ambalo linapimwa, linaoshwa, linapozwa, linakaguliwa na KEPHIS, na mkulima wake anafundishwa. Halafu kuna letu. Letu linapakiwa kwenye gunia juu ya lori, linapigwa na jua kutoka Bonde la Kerio au kutoka ng'ambo ya mpaka Uganda, linamwagwa chini sokoni, na likiwa na wadudu tunaambiwa tukate upande ule tule mwingine. Kana kwamba tumbo la mtu wa Berlin ni la heshima kuliko la mtu wa Webuye.

Mwenye kuumia zaidi hata si mlaji. Ni yule kijana au mama aliyekopa pesa kwenye chama akanunua mzigo. Tunda lililotobolewa halionekani siku ya kununua. Linajitokeza siku ya tatu au ya nne, likiwa tayari kibandani. Hawezi kulirudisha. Anapunguza bei, halafu anapunguza tena, jioni anatupa. Mkopo hautupwi. Ukiona vijana wanaanza biashara ya matunda wakiacha baada ya msimu mmoja, usiseme ni wavivu. Wengine wamekula hasara ambayo haikuwa na uhusiano wowote na bidii yao.

Na kuna hadithi ya mahindi ambayo inaonyesha tunaweza. Kwa miaka mingi mkulima wa Trans Nzoia alikuwa akichanganya mahindi yake na unga wa dawa kwa sababu ya fukusi na yule dumuzi ambaye wengine humwita Osama. Kisha ikaja mifuko isiyopitisha hewa. Unajaza mahindi yaliyokauka, unafunga kabisa, wadudu wanamaliza hewa iliyomo na kufa. Hakuna dawa. Leo mifuko hiyo iko kwenye maduka, na mzee ambaye hajawahi kusikia neno oksijeni anakueleza jinsi inavyofanya kazi. Tunda bichi huwezi kulifungia hivyo kwa sababu nalo linapumua, litachacha. Lakini wazo ni lilelile: kumnyima mdudu hali anayohitaji kuishi, badala ya kumlisha sumu nawe ukaila.

Jaa la soko ni hospitali ya uzazi

Sisi wa mjini tuna mchango wetu katika hili janga, na hatuusemi. Nyuma ya kila soko kuna rundo la matunda yaliyooza. Tumeona mabuu hutoka kwenye tunda na kuingia udongoni. Kwa hivyo rundo lile si takataka, ni hospitali ya uzazi ya nzi. Wanaibuka pale, wanaruka hadi miti ya nyumba za jirani na mashamba ya pembeni, na mzigo unaokuja wiki ijayo unakuta wenyeji wake wanangoja.

Ushauri wa wataalamu kwa wakulima ni kuokota matunda yaliyoanguka kila mara na kuyazika angalau nusu mita chini, au kuyafunga kwenye mfuko mweusi wa plastiki na kuuacha juani hadi joto la ndani liwaue mabuu. Hiyo haihitaji mfadhili wala semina ya hotelini, inahitaji jembe tu. Kwa nini ifanyike shambani na isifanyike sokoni? Vijana wanaofuga wale nzi weusi ambao mabuu wake hulishwa kuku na nguruwe wanalia kila siku wanakosa taka za kuwalisha. Taka ziko pale. Zikitiwa kwanza kwenye mifuko na kupigwa na jua, zinageuka chakula cha mifugo na kazi ya mtu.

Kuna pia wadudu walio upande wetu. Pwani na Zanzibar wapo wale siafu wekundu wanaoshona majani kujenga viota mitini. Kwa sababu ya ukali wao wanaitwa majimoto, na wakikaa kwenye mwembe humfukuza nzi asitage. Embe likalindwa na majimoto mtini na maji moto baada ya kuvuna, nani analalamika? Na kama unadhani kupambana na mdudu bila kumwaga sumu ni ndoto ya Wazungu, kumbuka Unguja ilimaliza mbung'o katika miaka ya 1990 kwa kuachilia madume waliotasishwa, wakapandana na majike bila kuzaa, hadi 1997 mbung'o wakatangazwa wameisha kisiwani.

Nani ajenge hilo tangi?

Katiba ya 2010 iliwapa magavana kilimo. Kila msimu wa bajeti tunasikia ujenzi wa masoko: mabati, meza za saruji, lango lenye jina la mheshimiwa. Vizuri, mvua isitunyeshee. Lakini soko la matunda bila mahali pa kutibu na kupoza matunda ni paa tu. Makueni walithubutu kujenga kiwanda cha matunda Kalamba kinachokamua maembe. Bungoma na Trans Nzoia hawaombwi kiwanda. Tunaomba tangi na chumba baridi katika soko moja kila kaunti, Chwele na Kitale, vikisimamiwa na ushirika wa wafanyabiashara wenyewe, na ada inayolipwa kwa kreti.

Gharama? Tufanye hesabu ya fizikia ya sekondari. Kupasha lita 1,000 za maji kutoka nyuzi 20 hadi 46 kunataka kama yuniti 30 za umeme, kabla ya kuhesabu joto linalopotea na linalonyonywa na matunda. Zidisha na bei ya tokeni yako uone. Maji hayo yakishapata joto yanatumika kwa zamu kadhaa, unaongeza joto kidogo tu. Tena 46 ni joto ambalo mitambo ya jua ya kupasha maji, ile iliyo juu ya paa za nyumba za kupangisha, inalifikia bila jasho. Si teknolojia ya mwezini.

Na hapa ndipo nawaangalia wenzangu. Kitale kuna National Polytechnic yenye wanafunzi wa umeme. Bungoma kuna Chuo Kikuu cha Kibabii chenye watu wa kompyuta. KALRO wana kituo Kitale. Manor House, nje tu ya mji, wamefundisha kilimo kisichotegemea kemikali tangu 1984. Kifaa cha kushikilia joto la maji kwa saa moja na kuandika kumbukumbu ni mradi wa mwisho wa mwanafunzi wa diploma. Kila mwaka tunaona miradi ya taa zinazowaka ukipiga makofi. Tengenezeni hii. Ina mnunuzi, na mnunuzi yuko sokoni saa hii.

Kuna watakaosema bei ya embe itapanda. Ndiyo, kidogo, kwa sababu ada ya kreti italipwa na mtu. Lakini bei unayolipa leo tayari ina hasara ndani yake. Muuzaji anayejua sehemu ya mzigo itatupwa anaiweka hasara hiyo kwenye yale maembe yanayobaki. Unalipia maembe yaliyoko kwenye jaa, ila hakuna anayekuandikia risiti.

Wengine watasema tungoje serikali kuu, tungoje mfadhili, tungoje utafiti zaidi. Utafiti upo, umefanyiwa Kasarani kwa maembe ya hapa. Kinachokosekana ni mtu wa kaunti kuamua kwamba mlaji wa Kimilili anastahili embe lile lile analostahili mlaji wa Uholanzi.

Kwa hivyo siku wataita kikao cha maoni ya umma kuhusu bajeti, usikae mtaani ukisema hivyo vikao ni vya wazee. Nenda. Usiombe mambo kumi. Omba tangi moja la maji moto, chumba kimoja cha baridi, na utaratibu wa kuzika matunda yaliyooza. Waulize ni lini, na ni nani atashika kipima joto. Wakikujibu kwamba watanunua dawa, waulize itapita wapi kuingia ndani ya ganda.